Mnyapara wa Gari la Champaklal

Siku sauti ile ilipobisha hodi, waliokuwapo uani kwa Nishant, Mtendeni, mjini Tabora, walikuwa sita. Alikuwapo Nishant mwenyewe, mwenye duka la vitambaa, amekunja suruali hadi magotini anakwangua kutu. Alikuwapo mama yake, Bi Jasoda, barazani juu ya kitanda cha kamba, miguu imefunikwa shali. Alikuwapo Leodgar, fundi injini, nusu yake ikiwa chini ya gari na nusu nyingine ikipiga soga. Alikuwapo Karoli, fundi wa kuchomelea, mzaliwa wa Ulyankulu, na mkewe Dafrosa, aliyekuwa akishona mapazia. Wa sita alikuwa mtoto wao Kulwa, wa miezi minane, aliyepewa jina la babu yake, amelala kwenye kikapu cha nguo. Baadaye Dafrosa aliwahesabu tena na tena kichwani, na kila mara walikuwa sita.

Gari lilikuwa la marehemu Champaklal, mume wa Bi Jasoda. Alilinunua kwa mzungu mmoja mpima ramani, enzi ambazo magari ya Tabora yalikuwa ya kuhesabika. Mbele lilikuwa lori, nyuma lilikuwa chumba: kitanda, jiko la gesi la mafiga mawili, beseni la kuoshea vyombo, kabati na madirisha manne. Champaklal alipofariki likafunikwa turubai nyuma ya nyumba, na kuku wakataga humo miaka thelathini. Bi Jasoda alizaliwa Ujiji, na alitamani kuliona tena ziwa la huko. Nyonga yake ilikuwa imevunjika na hakuweza kukaa ndani ya basi hata saa moja, lakini kulala aliweza. Ndiyo maana Nishant aliamua kulifufua gari la baba yake, mama alale kitandani njia nzima, akiamka aone ziwa.

Shida ilikuwa kulitoa. Maduka mapya yalikuwa yamelibana lango la mbele, kwa hiyo wakabomoa ukuta wa nyuma. Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na njia pana ya vumbi ambayo watu wa Mtendeni husema ndiyo iliyopitwa na misafara ya zamani, wapagazi na pembe na marobota ya nguo, kuelekea Ujiji. Wakalisukuma gari mpaka pua ikatazama magharibi kupitia lile pengo, kisha wakapanga uani kila kitakachopakiwa: madumu ya maji, magodoro, masanduku, kamba.

Dafrosa aliipenda kazi ile kwa sababu ya watu. Bi Jasoda alimwekea kila asubuhi kikombe cha maziwa yenye iliki, akisema anyonyeshaye hula kwa wawili. Leodgar, na maneno yake yote, alivua viatu kabla ya kukanyaga sakafu aliyoifagia. Na Karoli kabla ya kuwasha mashine alisimamisha bati kati ya cheche na kikapu cha Kulwa, kisha akakichungulia kikapu kana kwamba mtoto angeweza kuwa ameondoka.

Ilikuwa saa saba mchana, jua limesimama utosini na uani hakuna kivuli. Dafrosa alikuwa ndani ya gari, pini tatu mdomoni, akining'iniza pazia la dirisha la nyuma.

"Hodi."

Sauti ya mwanamume, ya upole, imechoka kama ya mtu aliyetoka mbali.

"Karibu," alijibu bila kugeuka, kama anavyojibu kila siku ya maisha yake.

Gari likadidimia. Lilishuka upande wa mlangoni kama linavyoshuka anapopanda mtu mnene, mbao zikalia, halafu hatua mbili zikatembea sakafuni na kusimama nyuma yake. Ikaja harufu ya ngozi mbichi iliyoloa na jasho la watu wengi. Dafrosa aligeuka. Hakukuwa na mtu. Sakafuni kulikuwa na nyayo mbili za vumbi jekundu, vidole vimetanuka, vikubwa kama vya mtu ambaye hajawahi kuvaa kiatu.

"Mama Kulwa," Leodgar aliita kutoka chini, "umemwingiza nani humo? Springi zimenikalia kifuani."

"Niko peke yangu, kaka."

"Basi ule ugali wa jana umekukubali."

Karoli alicheka. Dafrosa akacheka pia kwa kuwa wenzake walicheka, akachukua kitambaa akafuta zile nyayo. Angesema nini? Kwamba amemkaribisha mtu ambaye hakuwapo?

Saa nane waliacha kazi ili wale chakula. Leodgar ndiye wa kwanza kukaa. Hata hajamega tonge, kitu kikavuma hewani, *fyuu*, na shati lake likapasuka mgongoni kutoka bega hadi kiunoni. Alianguka juu ya sahani. Alipojigusa, vidole vikarudi na damu.

"Waya," alisema, akitazama huku na huku. "Kuna waya umekatika mahali."

Hakukuwa na waya. Kisha wote wakasikia ile sauti ya upole ikitoka mlangoni mwa gari, ikiuliza kama anavyouliza mwenye haraka aliyejaliwa adabu:

"Bado?"

Siku ya pili walijua kwamba haukuwa waya. Walijua kwa sababu hakuna aliyeweza kupumzika. Karoli alipoketi apoze mikono alichapwa usoni, miwani yake ya kuchomelea ikavunjika vipande viwili. Nishant alipokwenda dukani kumhudumia mteja alichapwa miguuni mpaka akarudi mbio, mteja amebaki na kitambaa mkononi akishangaa. Mwenye kushika nyundo, tupa au brashi ya rangi hakuguswa. Mwenye kuiweka chini alipigwa, na kabla ya kila pigo sauti iliuliza, "Bado?" Mbwa wa Nishant, mzee asiyebweka tena hata mwizi, alisimama mlangoni mwa gari akaonyesha meno. Alinyanyuliwa kwa miguu ya nyuma, wakamwona akining'inia hewani kichwa chini, akapigizwa kwenye gurudumu mara moja, mara mbili, mara ya tatu hakulia tena. Bi Jasoda alivua shali yake akaomba Dafrosa akamfunike.

"Tunaacha," alisema Nishant. "Sikilizeni. Tunaacha kazi, tunaziba ukuta, gari nalichoma moto."

Alishika tofali la kwanza kuliweka kwenye pengo. Kitu kilimkamata kifundo cha mguu. Kilimburuta uani, kikalizunguka gari naye, uso ukisugua changarawe, huku Leodgar na Karoli wamemshika mikono wakiburutwa naye. Alipoachiwa, meno manne ya mbele hayakuwapo na sikio moja lilining'inia. Kule hospitali ya Kitete, nesi aliyemshona aliuliza ni pikipiki gani iliyomgonga. Nishant alisema nyekundu. Nesi alimshikia kikombe cha maji mpaka akamaliza.

Baada ya hapo yule asiyeonekana alimchagua Karoli.

Pengine ni kwa kuwa Karoli hakulalamika. Alichapwa akifanya kazi na alichapwa akiacha, alichapwa akichomelea fremu mpaka mkono ukatetemeka na moto ukatoboa bati alilokuwa akiliziba, na alipotoboa alichapwa kwa kutoboa. Alipokwenda nyumbani kwao, chumba kimoja cha kupanga karibu na reli, kitu kile kilimfuata. Majirani walisikia milio ya kiboko wakadhani Karoli anampiga mkewe, wakaja kugonga mlango, na Dafrosa ikambidi afungue awaonyeshe kwamba yeye ni mzima na ni mume wake aliyepiga magoti sakafuni, mgongo wazi kama nyama ya buchani, akisema polepole, "Nakwenda, bwana, nakwenda," na kunyanyuka kurudi Mtendeni kumalizia breki.

Siku ya nne gari likawaka. Injini ilinguruma vizuri, taa zikawaka zote, rangi ya maziwa ikang'aa, mapazia ya maua yakatulia madirishani. Hakuna aliyefurahi. Dafrosa alimketisha Karoli kwenye ngazi ya gari, akampaka mafuta ya nazi, Kulwa akitambaa mkekani kando yao. Akamwambia mumewe alale kidogo tu, yeye atasimama mbele yake.

"Bado?"

Kiboko kilishuka kwenye mkeka. Kilipasua ukili wa mkeka, upana wa kidole kimoja tu kutoka mkono wa Kulwa, na mtoto akatazama ule mpasuko, akaugusa, akainua macho akicheka na mtu aliyesimama juu yake.

Dafrosa alimnyakua. Hapo ndipo lililokuwa limemkaa kooni siku nne lilipotoka.

"Ni mimi," alisema. "Alibisha hodi, nikamkaribisha. Sikumwona. Nilikuwa na pini mdomoni, nikasema karibu. Baba Kulwa, ni mimi niliyekuletea."

Alingoja hasira zao. Karoli alimtazama kwa jicho moja, la pili likiwa limevimba.

"Ungejibuje, mke wangu?" alisema. "Mtu akibisha hodi, unamjibu nini kingine?"

Bi Jasoda akasema kutoka barazani, "Mkamwite Asmahani. Sasa tuna la kumwambia."

Asmahani alikuwa mwanamke wa makamo aliyeuza udi na mafuta ya nywele jirani na soko. Walioteswa na majini walimfuata huko huko dukani, naye alifunga mlango akaenda nao akinung'unika juu ya wateja. Alipoingia uani alipigwa kofi lililomvua mtandio. Alifunga mtandio upya, akawasha udi kwenye kigae, akalizunguka gari kimya, akanusa, akalitazama pengo la ukuta kwa muda mrefu.

"Shikamoo bibi," alimwamkia Bi Jasoda, na alipoitikiwa akageukia wengine. "Huyu simfukuzi mimi. Hafukuziki. Mmefungua njia yake, mmepanga mizigo juani aione, halafu mmemkaribisha. Huyu ni mnyapara. Mizigo ya misafara ilipofungwa hapa Tabora, nyuma ya wapagazi alitembea mtu na kiboko cha ngozi, na si wote waliotembea nyuma walikuwa watu. Akiona mzigo unafungwa anataka uondoke."

"Basi tuondoke," alisema Leodgar. "Gari linawaka. Tumpeleke huko Ujiji akaogelee."

"Mkienda naye mpaka Ujiji, huyu hafiki." Alimwonyesha Karoli kwa kidevu. "Atakufa anatembea. Ameshamfanya mpagazi wake."

Dafrosa aliuliza, "Anatolewaje, dada?"

"Mnyapara anaachana na msafara mahali mzigo unapotuliwa na kusemwa msafara umevunjika. Kambi ya kwanza ya zamani ilikuwa kwenye kile kijito kikavu, mwendo wa saa moja na nusu kwa njia hii. Aliyemkaribisha ndiye abebe. Atangulie, msafara umfuate, asitue, asigeuke, afike atue kwa mikono yake mwenyewe. Atapigwa." Akawatazama mmoja mmoja. "Sasa nisikilizeni vizuri. Asipokewe mzigo. Nawajua watu wa hapa, mkiona mwanamke kalemewa mikono inawatoka yenyewe. Atakayempokea ndiye mpagazi, na huyo hatarudi."

"Nibebe mimi," alisema Karoli.

"Ulisema wewe karibu?"

Asmahani akamvuta Leodgar pembeni, akamwambia jambo sikioni, na Leodgar kwa mara ya kwanza tangu wamjue hakujibu kwa mzaha.

Waliondoka alfajiri iliyofuata. Mzigo ulikuwa lile turubai lililofunika gari, limekunjwa na kufungwa kamba, zito kuliko gunia la karanga. Dafrosa alimnyonyesha Kulwa mpaka akashiba, akamweka kitandani garini ubavuni mwa Bi Jasoda, ambaye alimfunika mtoto masikio kwa viganja vyake. Nishant akashika usukani, kinywa kimejaa pamba. Asmahani alikaa mlangoni na kigae cha udi. Karoli na Leodgar walitembea mbele ya pua ya gari, hatua ishirini nyuma ya Dafrosa, na Leodgar alibeba spana ya magurudumu.

"Tayari?" aliuliza Nishant kwa tabu.

Aliyejibu hakuwa yeyote kati yao. Kiboko kilimshika Dafrosa kwenye mashavu ya miguu, akapita pengoni kwa kuruka.

Mashamba ya mwanzo aliyapita akihesabu mapigo, na alipofika arobaini akaacha kuhesabu. Alipigwa mgongoni mpaka gauni likalegea likaning'inia kiunoni, akafunga khanga kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika mzigo. Shingo ilimwaka. Wanawake waliokuwa wakienda kisimani walisimama kando ya njia, wakamwona mwanamke anayevuja damu akitembea mbele peke yake na gari zuri jeupe likimfuata polepole, na mmoja wao akatua ndoo akaja mikono mbele akisema, "Pole, mwenzangu, lete nikupokee," na Asmahani akamtupia kigae chenye moto kikapasukia miguuni pake ili arudi nyuma. Dafrosa alitaka kumwambia asante. Hakuwa na pumzi.

Jua likapanda. Nyuma ya sikio lake sauti ile ilipumua sasa, karibu mno, na harufu ya ngozi iliyoloa ikawa nzito hadi akaionja, na pembeni mwa macho yake akaanza kuona miguu mingine, miguu mingi isiyo na miili, myembamba, yenye vumbi jekundu mpaka magotini, ikitembea sambamba naye kulia na kushoto bila sauti yoyote isipokuwa mlio wa kengele ndogo uliokuwa ukitangulia mbele, na akajua kwamba hao ni wale waliowahi kupokea mizigo ya watu, kwamba kila mmoja wao alikuwa na moyo mzuri, na kwamba nafasi moja mbele yake ilikuwa wazi ikimngoja mtu.

Kijito alikitambua kwa miti yake myembamba ya miiba. Zilibaki hatua mia, pengine pungufu. Hapo ndipo kiboko kilipomkata usoni, kutoka nyusi hadi kidevuni, na jicho likajaa damu. Alipiga magoti mchangani, mzigo ukayumba, ukaanza kuteleza kuelekea begani.

"Dafrosa."

Alisikia hatua za mumewe zikija mbio. Alizijua hatua hizo. Angezitambua kati ya elfu. Alitaka kupiga kelele asije, na ulimi haukunyanyuka. Ubavuni mwake ile miguu yenye vumbi ikasogea, ikatoa nafasi.

Halafu akasikia chuma kikigonga mfupa.

Karoli alianguka. Alinyanyuka, Dafrosa alijua kwa mlio wa mchanga, na Leodgar akasema kwa sauti ya kulia, "Kaa chini, ndugu yangu, kaa chini nakuomba," na chuma kikagonga tena, na safari hii mfupa ulivunjika kama ukuni mkavu. Karoli alipiga yowe. Alilitaja jina la mkewe. Kulikuwa na kukurukakara, pumzi mbili, ngumi, mtu mzito akimlalia mtu, na Leodgar akirudiarudia, "Nisamehe, Karoli, nisamehe," huku akimpiga.

Dafrosa hakugeuka. Hilo ndilo lililokuwa zito kuliko turubai. Aliurudisha mzigo kichwani kwa mikono miwili, akanyanyua goti moja, kisha la pili, akatembea. Kiboko kilimfuata kwa hasira sasa, juu, chini, shingoni, mikononi, kikikata vidole vilivyoshika kamba, na sauti haikuwa tena ya upole wala ya mtu mmoja. Alishuka ukingo. Mchanga wa kijito ulikuwa baridi. Akafika katikati, akautua mzigo mbele ya miguu yake.

"Bado?" ilimuuliza, mdomo ukiwa kwenye sikio lake.

"Tumefika," alisema Dafrosa. "Msafara umevunjika. Kila mtu aende kwao."

Pigo lililokuwa limeshainuliwa halikushuka. Alilisikia likining'inia juu ya kichwa chake, muda mrefu kama wa sala nzima. Kisha ile miguu yenye vumbi jekundu ikatawanyika, mmoja mmoja, huku na huku vichakani, pasipo haraka, kama watu waliomaliza kazi. Kengele ililia ng'ambo ya kijito, ikalia tena mbali zaidi. Nyasi za ukingo wa magharibi zikagawanyika, zikajifunga.

Kulwa alikuwa akilia garini, kilio cha njaa tu. Dafrosa aligeuka.

Leodgar alikuwa amekaa njiani, kichwa cha Karoli kimelala pajani mwake, anamfuta uso kwa shati lake lililochanika. Spana aliitupa mbali. Wote wawili walikuwa wakilia, na Karoli alikuwa hai.

Bi Jasoda alifika Ujiji mwezi uliofuata, akalala siku mbili mbele ya ziwa, gari likiendeshwa na Nishant. Mfupa wa bega la Karoli uliunga vibaya, mkono wa kulia haupandi juu ya kifua, na mpaka leo kazi zote za juu Leodgar ndiye anayemchomelea, bure.